Kuwaka Si Kupona: Mhadhara Kuhusu Soketi ya Nyuma ya Kifaa cha Umeme



Juu ya meza hii nimeweka amplifaya. Ni ya aina inayokodishwa kwa ajili ya harusi, maulidi na mikutano ya injili: bodi ya chuma, vishikio viwili mbele, feni nyuma, na chini ya feni kuna tundu lenye pini tatu bapa ambamo kebo ya umeme huchomekwa. Ndani yake mna mambo ya kufundisha muhula mzima, na leo sitayagusa. Nimeomba saa hii moja nizungumzie tundu hilo tu, soketi ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo umeme wa nyumba unapoingia kwenye kifaa, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, hata mafundi wetu hodari hufanya kazi yao iliyo dhaifu kuliko zote.

Hoja yangu ni fupi: kifaa kilichowaka hakijapona. Mteja akiona taa imewaka na spika inalia, hulipa akaondoka, na fundi naye huhesabu kwamba kazi imekwisha. Lakini ule waya wa tatu, wa kijani na manjano, hauna kazi yoyote katika kuwaka. Ukikatika, ukisahaulika, ukikunjwa na kufungwa tepu pembeni, muziki utalia vilevile, wala hakuna atakayejua mpaka siku ya hitilafu. Kwa hiyo kazi ya soketi ya nyuma haihukumiwi kwa sikio wala kwa jicho la mteja. Inahukumiwa kwa vipimo.

Tuanze na kitu chenyewe. Umbo la soketi hii limepangwa na tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, katika kiwango namba 60320. Ile iliyo kwenye kifaa huitwa C14, na kichwa cha kebo kinachoingia humo ni C13. Kwa mujibu wa kiwango hicho hubeba ampea 10 kwa volti 250, na imekusudiwa pini zisizozidi nyuzi joto 70. Ukitazama jagi la kuchemshia maji au jiko la wali, pengine utaona tundu linalofanana sana na hili ila lina kijinundu kinachodai kebo yenye mkato. Hiyo ni C16, iliyotengenezwa ivumilie nyuzi 120. Kebo ya jagi itaingia kwenye kompyuta bila shida. Ya kompyuta haitaingia kwenye jagi, na imezuiwa kwa makusudi. Nimeona kebo zilizochongwa kwa kisu ili ziingie. Aliyechonga ameondoa kizuizi kilichowekwa ili plastiki isiyeyuke mezani kwake. Halafu kuna lile tundu dogo la umbo la namba nane, la redio na sabufa nyingi: C8, pini mbili, ampea 2.5, bila waya wa ardhi. Kifaa cha aina hiyo kimejengwa na kinga maradufu, na mgongoni kina alama ya mraba ndani ya mraba. Alama hiyo ni ahadi ya kiwanda. Fundi hawezi kuitoa yeye mwenyewe kwa kubandika tundu la pini mbili kwenye bodi ya chuma iliyozaliwa na pini tatu.

Lipo jambo linalowaponza wengi, hasa wanaonunua vifaa vilivyotumika: umbo la tundu halisemi volti. Japani hutumia volti 100, lakini amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko lile inaweza kuwa na tundu lilelile la C14, na kebo ya nyumbani kwako itaingia kwa ulaini kabisa. Ukiwasha, unaipa volti 230, zaidi ya mara mbili ya ilichojengewa. Saplai nyingi za kompyuta za zamani zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, kando ya soketi, yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka Dar es Salaam au Mombasa, utasikia mlipuko kabla hujaondoa mkono. Kwa hiyo kabla ya bisibisi, kabla ya multimita, soma bamba la nyuma. Kama bamba limefutika, usikisie. Fungua, soma maandishi ya transfoma au ya saplai, na ukikosa uhakika kirudishe kwa mwenyewe.

Je, soketi hii hufa vipi? Mara chache sana hufa kwa umeme wenyewe. Hufa kwa kuvutwa. Kebo inakanyagwa, kifaa kinasukumwa ukutani, spika zinahamishwa kabla kebo haijachomolewa, na kidogo kidogo pini zinalegea au risasi iliyozishika kwenye bodi ya sakiti inapasuka ufa mwembamba usioonekana bila lenzi. Dalili ya kwanza ni kifaa kinachozima na kuwaka ukitikisa kebo. Watu hukiwekea kitambaa au karatasi chini ya kebo ili kitulie, na hapo ndipo joto linapoanza kazi yake.

Nitafanya hesabu moja ubaoni. Joto katika kiungo kilicholegea ni sawa na mkondo mara mkondo mara ukinzani. Jagi la wati 1,840 kwa volti 230 linavuta ampea 8. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, nane mara nane ni 64, nusu yake ni 32. Wati 32 katika sehemu ndogo kama punje ya mahindi! Chuma chetu cha kuchomea risasi kina wati 30 au 40, na sote tunajua kinafanya nini kwenye plastiki. Ndiyo maana soketi iliyolegea hugeuka kahawia, kisha nyeusi, kisha inanuka kama samaki aliyeharibika. Harufu hiyo ni ya plastiki inayopikwa. Ndugu zangu msio mafundi, hilo nawaomba mlichukue leo: ukisikia harufu hiyo, ukiona doa la kahawia, ukigusa kichwa cha kebo na kukuta cha moto, zima kwenye swichi ya ukutani na chomoa huko huko ukutani, usichomoe nyuma ya kifaa. Na usibadilishe kebo peke yake. Kebo mpya kwenye pini zilizoungua itaungua nayo.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Soketi ikishakufa, njia ya mkato inayojulikana ni kuing'oa, kupitisha waya moja kwa moja kwenye tundu lililobaki, kuufunga fundo kwa ndani ili usivutike, na kuchomea risasi waya mbili, wa moto na nyutro. Kingo za chuma cha bodi ni kali. Kila mara kifaa kinapobebwa, kingo hizo zinasugua ngozi ya waya. Siku moja ngozi inakwisha na waya wa moto unagusa bodi. Kama waya wa ardhi upo, mkondo mkubwa unapita ghafla, fyuzi inakatika, kifaa kinakufa na mtu anabaki hai. Kama haupo, hakuna kinachotokea. Amplifaya inaendelea kupiga vizuri kabisa, na bodi yake nzima, vishikio, skrubu, na kupitia kebo za sauti hata maikrofoni, vimebeba volti 230.

Msidhani ninawatisha kwa jambo la kubuni. Mei 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mbele ya watu baada ya kushika maikrofoni ambayo haikuwa imeungwa vizuri na ardhi. Mkono mmoja kwenye maikrofoni, mwingine kwenye nyuzi za gitaa: mkondo ulipita kifuani. Kwetu hapa, mwimbaji wa kwaya anayesimama peku kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, maikrofoni mdomoni, hana hata haja ya gitaa. Sakafu inatosha.

Ni kiasi gani cha umeme kinachodhuru? Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima jambo hili kwa watu waliojitolea. Aliwashikisha waya na kuongeza mkondo polepole mpaka mtu ashindwe kuuachia kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16, kwa wanawake 10.5. Yaani sehemu kumi na sita za elfu moja za ampea zinatosha kuubana mkono wako kwenye bodi ya chuma usiweze kuufungua. Mkono mkavu una ukinzani wa kukulinda kiasi. Mkono wa jasho hauna. Chukua mwili wenye ukinzani wa omu 1,000, gawanya 230 kwa 1,000, unapata miliampea 230. Fyuzi ya ampea 13 haioni chochote hapo. Fyuzi imewekwa kulinda waya usiungue, na ya ukubwa huo kamwe haitamlinda mtu. Dalziel huyo huyo, kutokana na utafiti wake, alibuni mwaka 1961 kifaa kinachokata umeme pale mkondo unaotoka usipolingana na unaorudi. Vile vilivyo kwenye nyumba zetu, vilivyoandikwa miliampea 30, ni vya ukoo huo.

Basi tufike kwenye kupima. Nitaeleza kwa mpangilio ninaowafundisha wanafunzi wangu, na sababu ya kila hatua, kwa kuwa fundi asiyejua sababu huiruka hatua siku anapokuwa na haraka.

Kifaa kichomolewe, na plagi iwe mbele ya macho yako juu ya meza. Kuzima swichi hakutoshi. Swichi ya ukutani kwa kawaida hukata waya mmoja tu, na kama aliyefunga nyumba alibadilisha moto na nyutro, umezima nyutro na moto bado umo ndani. Plagi ikiwa mezani hakuna mtu wa kuichomeka nyuma ya mgongo wako, na hilo ni tishio la kweli katika karakana yenye vijana watano na ekstensheni moja.

Halafu ngoja. Umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita haujui kwamba umechomoa. Katika saplai za kisasa, umeme wa volti 230 hugeuzwa moja kwa moja kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita kubwa hujaa mpaka kilele cha wimbi, ambacho ni 230 mara 1.414, yaani volti 325 hivi. Kuna rezista iliyowekwa kuimaliza taratibu, lakini rezista hiyo nayo hufa, na haitoi taarifa. Subiri dakika tano, fungua kava, kisha pima miguu miwili ya kapasita kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ukikuta bado imejaa, iteremshe kwa rezista ya omu 2,200 ya wati 10 iliyofungwa kwenye vishikio vya plastiki, au kwa balbu ya zamani ya volti 230 yenye waya ndani, mpaka multimita isome chini ya volti 10. Usiunganishe miguu kwa bisibisi. Najua wapo wanaofanya hivyo na kufurahia mlio wake. Cheche ile hutoboa chuma cha bisibisi, hurusha vipande vya moto kuelekea machoni, na inaweza kuua sehemu ambazo zilikuwa nzima.

Hapa lazima niseme neno kuhusu testa, ile bisibisi yenye taa. Karibu kila fundi anayo mfukoni, na karibu kila fundi anaiamini kupita inavyostahili. Ndani yake mna taa ndogo ya neoni na rezista kubwa, na mzunguko unakamilika kupitia mwili wako. Ukisimama kwenye mpira, juani, au rezista ikiwa imekatika, haitawaka hata kama waya una moto. Kutowaka kwake si ushahidi wa usalama. Na kuwaka kwake kuna utata pia. Vifaa vingi vyenye soketi hii vina kapasita ndogo mbili karibu na mlango, moja kutoka kwa moto kwenda ardhi na nyingine kutoka nyutro kwenda ardhi, za kuzuia kelele za masafa ya juu. Ardhi ikikosekana, kapasita hizo huipandisha bodi mpaka nusu ya volti za nyumba, takriban 115. Mkondo wake ni mdogo mno, sehemu ya miliampea, lakini mkono unausikia kama mtetemo, na testa inawaka. Testa haiwezi kukwambia kama unachokiona ni kapasita hizo au ni waya wa moto uliogusa bodi. Mteja akikwambia kifaa "kinatetemesha kidogo", usimjibu kwamba ni kawaida. Kinatetemesha kwa sababu ardhi haipo. Hiyo peke yake ni hitilafu.

Multimita basi, nayo ipimwe kabla ya kupima. Kila unapotaka kuthibitisha kwamba mahali hapana umeme, gusa kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pale unapopima, kisha rudi tena pale penye umeme. Ikisoma, ikanyamaza, ikasoma tena, ndipo ukimya wa katikati una maana. Tazama ncha za waya zake: mwongozo wa usalama wa Uingereza unaojulikana kama GS38 unataka chuma kilicho wazi kisizidi milimita 4, na milimita 2 ni bora zaidi, ili ncha isiunganishe pini mbili kwa bahati mbaya. Na kama waya mwekundu umebaki kwenye tundu la ampea tangu kazi ya jana, ukigusa umeme wa nyumba umefanya shoti kamili kwa mkono wako.

Kipimo cha kwanza, plagi ikiwa mezani: ukinzani wa njia ya ardhi. Ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, kwa mfano kichwa cha skrubu ambacho hakijapakwa rangi. Kinachotakiwa ni sehemu moja ya kumi ya omu, ukiongeza ukinzani wa kebo yenyewe, ambao kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita mbili ni kama 0.05. Multimita ya bei nafuu ina zaidi ya hapo kwenye waya zake, kwa hiyo gusanisha ncha kwanza, andika namba, kisha itoe. Wakati unapima, tikisa kebo, ikunje mlangoni, isukume soketi juu na chini. Namba ikirukaruka, umempata mgonjwa. Lakini mjue udhaifu wa kipimo hiki: multimita hupitisha mkondo mdogo sana, na waya wenye uzi mmoja uliobaki utaonekana mzima. Ndiyo sababu jicho na vidole havistaafu. Fuata waya wa ardhi kwa kidole kutoka soketi mpaka kwenye nati yake.

Kisha moto dhidi ya nyutro, swichi ya kifaa ikiwa imewashwa. Kifaa chenye transfoma kubwa kitasoma omu chache au makumi. Saplai ya kisasa itasoma mamia ya maelfu na namba itakuwa inapanda kapasita zinapojaa. Sifuri kamili ni shoti. Kutosoma kabisa ni fyuzi au waya uliokatika.

Kisha kipimo ambacho karakana nyingi hazikifanyi, na kinachoniuma zaidi: kinga kati ya waya za umeme na bodi. Unaunganisha moto na nyutro pamoja kwenye plagi, unawasha swichi ya kifaa ili isifiche sehemu za ndani, na unapima dhidi ya pini ya ardhi kwa mita ya megaomu inayotoa volti 500. Kifaa chenye ardhi kinatakiwa kisome megaomu 1 au zaidi; chenye kinga maradufu, 2 au zaidi, kikipimwa dhidi ya chuma kinachoguswa kwa nje. Kama mna kinga ya umeme wa radi iliyoungwa na ardhi, tumia volti 250, la sivyo utaihukumu kimakosa. Multimita ya kawaida haifai kwa kazi hii, maana hutumia volti chache za betri, na ngozi ya waya iliyopasuka inaweza kustahimili volti 9 kisha ikashindwa mbele ya 325. Naelewa mita ya megaomu ni ghali kwa fundi mmoja. Mafundi wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na moja. Walio Kariakoo au Luthuli Avenue, ambako karakana zimebanana mlango kwa mlango, hawana kisingizio hata kidogo.

Sasa kubadilisha. Kabla hujatoa waya wowote, piga picha kwa simu, karibu, kwa mwanga mzuri. Nunua soketi ya umbo lilelile: kwa C14 ya skrubu, matundu mawili yana umbali wa milimita 40 kutoka kati hadi kati. Tafuta maandishi ya ampea na volti yaliyochongwa kwenye plastiki, na uangalie kama pini zimekaa imara. Zikicheza dukani, zitacheza zaidi nyumbani. Kama ya zamani ilikuwa na fyuzi ndani, mpya nayo iwe nayo, na fyuzi iwe ya thamani na aina ileile. T mbele ya namba ina maana inavumilia msukumo wa mwanzo, F ina maana inakatika haraka. Ukiweka F kwenye transfoma kubwa itakatika kila ukiwasha, na mteja, akichoka, ataweka waya wa shaba badala yake. Fyuzi ikae kwenye waya wa moto, kabla ya swichi.

Nyuma ya soketi zimechongwa herufi L kwa moto, N kwa nyutro, na alama ya ardhi. Fuateni hizo, msifuate kumbukumbu, na msifuate rangi peke yake. Rangi za sasa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa ardhi. Waya za zamani za Kiingereza ni nyekundu, nyeusi na kijani. Lakini kebo ya Marekani ina nyeusi kwa moto na nyeupe kwa nyutro. Nyeusi hiyohiyo! Ndugu aliyetuletea redio kutoka Chicago ameleta na mtego ndani ya kebo. Kabla ya kuamini rangi, pima kutoka pini ya plagi.

Waya wa ardhi uukate uwe mrefu kuliko wenzake, ili kebo au soketi ikivutwa siku moja, uwe wa mwisho kukatika. Kwenye bodi ufungwe kwa nati yake peke yake: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka kichwa cha waya kilichobanwa, kisha washa yenye meno, kisha nati, kaza. Usiufunge kwenye skrubu inayoshika transfoma au feni. Fundi atakayekuja baadaye kubadilisha feni ataifungua na kuondoka nayo. Waya wa kuchomea risasi upitishwe kwanza kwenye tundu la pini na kukunjwa ushike wenyewe, ndipo risasi ije, na juu yake mrija unaosinyaa kwa joto. Kazi ya risasi ni kupitisha umeme, haikuwekwa kubeba uzito. Na waya unaokwenda chini ya skrubu usipakwe risasi kabisa. Risasi ni laini, hukandamizwa polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi kiungo kinalegea, tunarudi kwenye zile wati 32.

Kama kiungo kipo kwenye bodi ya sakiti, usiongeze risasi juu ya ufa. Nyonya yote ya zamani, safisha, kagua kama duara la shaba limeng'oka, kisha choma upya. Na hakikisha soketi imeshikwa na skrubu kwenye kava, maana soketi inayoning'inia kwa risasi peke yake itarudi kwako.

Neno dogo kuhusu kebo, kwa kuwa tunampa mteja pamoja na kazi yetu. Pima ardhi ya kila kebo mpya kabla ya kuiuza. Kuna kebo sokoni zenye pini tatu na waya mbili. Kwaruza waya wa ndani: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba ni alumini, na sumaku ikiuvuta ni chuma. Plagi ya pini tatu za mraba isiyo na fyuzi ndani, usiiguse.

Kila kitu kikishafungwa, rudia vipimo vyote vitatu. Ndipo tuwashe, na si moja kwa moja ukutani. Chukua balbu ya zamani ya wati 60 au 100, yenye waya ndani, iunge mfululizo kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye soketi ya majaribio. Wazee wetu wa redio za taa waliijua, na bado sijaona kifaa cha bei nafuu kinachoishinda. Kifaa kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na kuubeba umeme wote yenyewe, hakuna mlipuko. Kikiwa kizima, balbu inamulika mara moja kapasita zikijaa kisha inafifia. Balbu ya LED haifanyi kazi hii, kwa hiyo ukiona za zamani dukani, nunua chache uweke akiba. Balbu ikififia, chomoa, hamia kwenye umeme kamili kupitia kikata umeme cha miliampea 30, na mikono iwe mbali na bodi. Kiache kifanye kazi nusu saa, chomoa, kisha gusa soketi. Iwe ya baridi.

Limebaki jambo moja, na liko nje ya karakana. Tuseme umefanya yote haya na ardhi ya kifaa ni kamili. Mteja anakipeleka nyumbani ambako tundu la ardhi la ukutani halijaungwa na kitu, au limeungwa na fimbo iliyopigwa kwenye mchanga mkavu miaka mingi iliyopita. Nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe, yenye ukinzani wa omu 20, ikipata hitilafu ya waya wa moto kugusa bodi, itapitisha 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki kwa mkondo huo. Bodi itabaki na umeme, na waya wako mzuri wa kijani na manjano utakuwa umefika mahali ambapo hapana msaada. Nyumba ya namna hiyo inahitaji kikata umeme cha miliampea 30 kwenye meni swichi, kinachofanya kazi, ambacho kitufe chake cha majaribio kinabonyezwa mara kwa mara, na inahitaji fundi mwenye leseni ya kufunga umeme wa nyumba aje apime fimbo. Kazi hiyo si yako wewe uliyebadilisha soketi, lakini kumwambia mteja ni juu yako. Mwandikie kwenye risiti: ardhi ya kifaa imesoma omu ngapi, kinga megaomu ngapi, fyuzi ni ya aina gani, tarehe ya leo. Chini yake andika kwamba ardhi ya nyumba haijapimwa, na umsomee mstari huo kwa sauti kabla hajatoa pesa.